Viza ya Masomo ya Ujerumani: Kuanzia Barua ya Udahili hadi Mtihani wa Kwanza

Barua ya udahili ya chuo cha Ujerumani ina tarehe ya mwisho ya kujisajili, na tarehe hiyo haiingojei viza. Viza nayo haitoki bila uthibitisho wa pesa, uthibitisho wa pesa hautoki bila benki kutuma, na benki haitumi bila barua ya udahili. Ukisubiri kila karatasi ifike ndipo uanze kuifikiria inayofuata, muhula utaanza ukiwa bado Dar es Salaam, Nairobi au Mwanza. Mwongozo huu unafuata mpangilio ambao karatasi zinadaiana, kwa anayekwenda kusoma shahada ya kwanza au uzamili akitokea Tanzania au Kenya.

Hesabu kurudi nyuma

Muhula wa baridi huanza rasmi 1 Oktoba katika vyuo vikuu vingi, na 1 Septemba katika vyuo vya sayansi tumizi, vile wanavyoviita Hochschule. Mwisho wa kuomba, mara nyingi, ni 15 Julai. Kwa muhula wa kiangazi ni 15 Januari. Lakini programu nyingi za uzamili zinazofundishwa kwa Kiingereza hufunga mapema zaidi kwa waombaji wa nje ya Ulaya, nyingine miezi sita na zaidi kabla ya masomo. Soma ukurasa wa programu yenyewe, si ukurasa wa jumla wa chuo.

Viza huchukua wiki 6 hadi 12 tangu siku faili lako lilipokamilika, na wakati mwingine zaidi, kwa sababu ubalozi unaweza kulipeleka faili kwenye ofisi ya wageni ya mji unaokwenda ili nayo itoe kauli. Kwa hiyo aliyedahiliwa mwishoni mwa Julai na akaanza kuchangisha pesa Agosti ana nafasi ndogo sana ya kuwahi Oktoba. Pesa zianze kukusanywa siku ile unapotuma maombi ya chuo.

Vyeti na jina lako

Kabla ya yote, panga mezani cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, cheti cha chuo na pasipoti, usome jina herufi kwa herufi. Hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Cheti cha kidato cha nne kina majina mawili, pasipoti ina matatu. Au cheti kina "Mohamed" na pasipoti ina "Muhammed". Kwetu kila mtu anaelewa ni yuleyule. Mkaguzi aliyeko Berlin anaona watu wawili. Tengeneza hati ya kiapo kwa wakili inayoeleza kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja, au urekebishe kabisa kwa hati ya kubadili jina, kabla hujatuma ombi hata moja. Kisha tumia jina la pasipoti kila mahali: kwenye ombi la chuo, akaunti, bima na tiketi.

Cheti kipimwe kabla hujalipa ada yoyote. Kanzidata ya serikali ya Ujerumani iitwayo anabin inaonyesha cheti cha kila nchi kinamfikisha mtu wapi. Kwa anayetoka kidato cha sita au KCSE majibu ni ya aina tatu: unaruhusiwa kuomba moja kwa moja, au unaruhusiwa kwa fani zinazoendana na masomo uliyofanyia mtihani, au unatakiwa kwanza kupita Studienkolleg. Hii ni mihula miwili ya maandalizi yenye mtihani mwishoni, na kuingia kwake kuna mtihani wa Kijerumani, kwa kawaida kiwango cha B1 au B2. Mwenye shahada ya kwanza ya chuo kinachotambuliwa haguswi na habari za Studienkolleg anapoomba uzamili katika fani yake.

Kwa uzamili, kikwazo kikubwa ni wastani. Ujerumani 1.0 ndiyo alama ya juu na 4.0 ni ya chini kabisa ya kufaulu, na vyuo vingi hubadilisha alama kwa kanuni moja: chukua alama ya juu kabisa ya mfumo wako, toa alama yako, gawanya kwa tofauti kati ya alama ya juu na ya chini ya kufaulu, zidisha kwa 3, jumlisha 1. Kwa chuo cha Tanzania ambapo GPA ya juu ni 5.0 na ya chini ya kufaulu ni 2.0, mwenye GPA 3.8 anapata hivi: 5.0 kutoa 3.8 ni 1.2, gawanya kwa 3 ni 0.4, zidisha kwa 3 ni 1.2, jumlisha 1, unapata 2.2. Programu nyingi huweka mpaka wa 2.5, ambao kwa kanuni hii ni GPA 3.5 kamili, mwanzo wa daraja la pili la juu. Mwenye 3.2 asivunjike moyo, ila asipoteze ada kwa programu zilizoandika 2.5 waziwazi. Zipo zisizo na mpaka huo, hasa katika vyuo vya sayansi tumizi.

Kutuma ombi

Baadhi ya vyuo hupokea maombi kwenye tovuti yao, vingine hupitia uni-assist, taasisi inayokagua vyeti kwa niaba yao. Uni-assist hutoza euro 75 kwa ombi la kwanza katika muhula na euro 30 kwa kila ombi la ziada katika muhula huohuo. Ombi halisogei mpaka pesa ifike, na pesa inayotumwa kwa benki huchukua siku kadhaa, hivyo lipa kwa kadi. Ukaguzi wenyewe huchukua wiki 4 hadi 6. Anayetuma tarehe 13 Julai amewahi kwa kalenda, lakini cheti kikikosa ukurasa mmoja hana muda wa kuambiwa na kurekebisha. Jipe wiki nane.

Angalia pia gharama za chuo. Vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo. Unalipa mchango wa muhula, euro 100 hadi 400, ambao mara nyingi unabeba na tiketi ya usafiri. Lakini jimbo la Baden-Württemberg hutoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha München kimeanza kuwatoza ada tangu muhula wa baridi wa 2024, kwa uzamili euro 4,000 hadi 6,000 kwa muhula katika programu nyingi. Ada hiyo ni juu ya pesa za kuishi, haimo ndani yake.

Pesa za kuishi

Ubalozi unataka kuona una uwezo wa kujikimu mwaka mzima. Kiwango kilichoanza 1 Septemba 2024 ni euro 992 kwa mwezi, yaani euro 11,904 kwa mwaka. Kiwango hupanda mara kwa mara, kwa hiyo kisome kwenye ukurasa wa ubalozi siku ile unayotuma pesa. Njia kuu za kuthibitisha ni tatu: barua ya ufadhili, kama ya DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili wanafunzi, ahadi rasmi ya mtu anayeishi Ujerumani, au akaunti iitwayo Sperrkonto, akaunti iliyofungwa inayokuachia euro 992 tu kila mwezi baada ya kufika.

Kuhusu ahadi ya ndugu: mjomba au dada aliyeko Hamburg huenda ofisi ya wageni ya mji wake, anaonyesha mishahara na mkataba wa nyumba, anatia saini. Kipato chake kikiwa kidogo, ofisi inakataa au inaandika kwamba uwezo wake haukuthibitishwa, na karatasi ya namna hiyo haikusaidii ubalozini. Na mjomba aelezwe ukweli kabla hajasaini: ahadi hiyo inamfunga kwa miaka mitano. Ukipokea msaada wa serikali katika kipindi hicho, serikali itamdai yeye. Ni heshima kumwambia hivyo mapema, naye aamue akiwa anajua.

Wengi huishia kwenye Sperrkonto. Unaifungua mtandaoni kwa pasipoti na barua ya udahili, unapewa namba ya akaunti, kisha unatuma pesa benki kwa benki. Mambo manne hukwamisha.

La kwanza, pesa hufika pungufu. Benki za kati hukata ada yao njiani, na akaunti yenye euro 11,880 haihesabiki kuwa imejaa. Hutapata cheti cha kuthibitisha pesa mpaka euro 24 zilizobaki zitumwe, kwa ada nyingine na siku nyingine tano. Mwambie karani wa benki kwamba gharama zote zibebwe na mtumaji, alama yake kwenye fomu ni OUR, na bado ongeza euro 100 hadi 150 juu ya kiasi kinachotakiwa pamoja na ada ya mtoa huduma, yaani kampuni inayokufungulia Sperrkonto. Kinachozidi utarudishiwa.

La pili, mchango wa ukoo. Shangazi anatuma kutoka Muscat, kaka kutoka Nairobi, baba kutoka Tanga, kila mmoja moja kwa moja. Mtoa huduma anatakiwa kisheria kujua pesa imetoka wapi, kwa hiyo atasimamisha kila muamala na kuuliza. Kusanyeni kwanza kwenye akaunti moja ya hapa nyumbani, yako au ya mzazi, itumwe mara moja, ikiwa na taarifa ya benki na barua fupi ya kueleza michango.

La tatu, benki ya hapa nayo ina maswali. Nenda na pasipoti, barua ya udahili na maelekezo ya Sperrkonto yenye jina lako. Matawi madogo hayatumi euro kila siku. Nenda tawi kubwa, asubuhi, katikati ya wiki.

La nne, bei ya euro. Ukikusanya shilingi kwa miezi mitatu, bei uliyoanza nayo haitakuwa ileile. Weka akiba ya asilimia 5.

Bado kuna pesa ambayo haimo humo. Sperrkonto haifunguki uwanja wa ndege. Inaanza kulipa ukishafungua akaunti ya kawaida Ujerumani, na hiyo inaweza kuchukua wiki tatu au nne. Wakati huohuo mwenye nyumba anataka dhamana, ambayo kisheria haizidi kodi tupu ya miezi mitatu, yaani kodi bila gharama za huduma kama maji na joto. Chumba cha kodi tupu euro 350 kinaweza kudai dhamana ya euro 1,050, kodi ya kwanza pamoja na huduma 420, mchango wa muhula 300, na chakula. Anayefika na euro 200 mfukoni akiamini ana elfu kumi na moja benki atakopa wiki ya kwanza. Beba au uweze kufikia euro 1,800 hadi 2,000 nje ya Sperrkonto.

Faili la viza

Unayoiomba ni viza ya taifa ya aina ya D. Usiende kwa viza ya matembezi ya Schengen ukidhani utaibadilisha ukifika. Utarudishwa nyumbani kuomba upya. Maombi sasa hutumwa kupitia tovuti ya huduma za kibalozi ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Ujerumani: unajaza, unapakia nyaraka, zinakaguliwa, kisha unaitwa ubalozini Dar es Salaam au Nairobi kutoa alama za vidole na kuonyesha hati halisi. Ada ni euro 75, hulipwa kwa fedha ya nchi na hairudishwi.

Faili liwe na:

- pasipoti iliyosainiwa, yenye kurasa tupu na muda wa kutosha, na picha za sentimita 3.5 kwa 4.5 zilizopigwa hivi karibuni
- barua ya udahili
- vyeti vyote vya shule na chuo pamoja na matokeo
- cheti cha lugha ya kufundishia
- uthibitisho wa pesa
- wasifu usio na miaka iliyorukwa
- barua ya kueleza sababu za masomo
- bima ya safari kwa siku za mwanzo, yenye kinga ya angalau euro 30,000

Wasifu na barua ndivyo vinavyoandikwa vibaya kuliko vyote. Kama ulimaliza chuo 2021 na unaomba leo, miaka ya katikati ielezwe: ulifanya kazi duka la familia, ulijitolea, ulikuwa unatafuta kazi. Pengo lisiloelezwa linaonekana kama jambo linalofichwa.

Barua iwe ya ukurasa mmoja au mmoja na nusu. Iseme umesoma nini, programu hii inaongeza nini, kwa nini chuo hiki, na ukimaliza utafanya nini. Taja masomo mawili au matatu ya programu kwa majina yake na uyaunganishe na kazi unayoijua. Mhandisi wa maji wa Arusha anayetaka kusoma usafishaji wa maji chini ya ardhi kwa sababu visima vya huko vina floridi nyingi ameshaeleza kila kitu kwa sentensi moja. Barua zinazoanza kwa kusifu uchumi wa Ujerumani na ukarimu wa watu wake husomwa zikasahauliwa, na zilizonunuliwa hujulikana, kwa sababu mwombaji akiulizwa dirishani hawezi kueleza kilichoandikwa.

Siku ya miadi maswali ni ya kawaida: unasoma nini, kwa lugha gani, miaka mingapi, nani analipa, utaishi wapi. Jibu kwa ufupi na kwa ukweli. Ikiwa baba ndiye anayelipa, jua anafanya kazi gani na kipato chake. Ikiwa programu inatofautiana na shahada yako ya kwanza, uwe na maelezo ya daraja linaloziunganisha. Mhasibu anayekwenda kusoma uuguzi ataulizwa, na swali hilo ni la haki.

Viza ikikataliwa, barua itaeleza sababu. Ule utaratibu wa zamani wa kuandika barua ya pingamizi ubalozini ulifutwa duniani kote 1 Julai 2025, ingawa maelekezo ya zamani bado yanazunguka. Kilichobaki ni kuomba upya ukiwa umerekebisha kasoro, au kufungua kesi Mahakama ya Utawala ya Berlin ndani ya mwezi mmoja. Kwa wengi, kuomba upya ndiyo njia ya haraka.

Viza ikichelewa tu, andikia ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ya chuo kabla tarehe ya kujisajili haijapita, uambatanishe ushahidi kwamba ombi liko ubalozini. Vyuo vingine huruhusu kujisajili kwa kuchelewa wiki chache. Ukiandika baada ya tarehe kupita, mara nyingi unaambiwa uombe udahili upya.

Chumba na begi

Omba chumba cha hosteli ya Studierendenwerk, shirika la huduma za wanafunzi, siku ileile unapopata udahili. Foleni katika miji kama München, Frankfurt na Berlin hufika miezi mingi. Hosteli ni euro 250 hadi 400, chumba cha kushirikiana mitaani ni zaidi, na München ni zaidi sana. Atakayekuambia yuko nje ya nchi, utume dhamana kwanza naye akutumie ufunguo kwa posta, ni tapeli, hata akikuonyesha picha ya kitambulisho. Kama huna chumba, panga makazi ya muda ya mwezi mmoja, ila uliza swali moja kabla ya kulipa: je, naweza kusajili anwani hapa? Sababu inakuja.

Kwenye begi, fahamu sheria za forodha za Ulaya. Nyama ya aina yoyote, maziwa, samli na jibini kutoka nje ya Umoja wa Ulaya haviruhusiwi, hata kidogo, hata vikiwa vimefungwa na mama mwenyewe. Maembe, mapapai na mboga mbichi vinahitaji cheti cha afya ya mimea. Ndizi, nanasi, nazi na tende vinaruhusiwa bila cheti hicho. Dagaa wakavu na samaki wanaruhusiwa hadi kilo 20, na viungo vilivyokaushwa na kusagwa havina shida. Unga wa sembe usiubebe. Maduka ya Kiafrika yapo katika kila mji mkubwa, na pasipo na duka, semolina ya ngano iitwayo Grieß inasonga ugali laini unaofaa. Koti la baridi nunua kule. Makoti ya mitumba ya hapa mengi hayana kinga ya upepo, na yanakula kilo za begi.

Hati zote halisi ziwe kwenye begi la mkononi.

Wiki za kwanza

Ndani ya siku 14 tangu kuhamia unatakiwa kusajili makazi, kitendo wanachokiita Anmeldung. Unahitaji pasipoti na karatasi ya mwenye nyumba inayothibitisha umehamia, Wohnungsgeberbestätigung. Mkataba wa pango peke yake hautoshi. Ndiyo maana ya lile swali la makazi ya muda. Bila Anmeldung hupati namba ya mlipakodi, benki nyingi hazikufungulii akaunti, na kibali cha ukaazi hakianzi. Miadi ya ofisi hizi huisha haraka, kwa hiyo iwekwe mtandaoni ungali nyumbani. Ukikosa nafasi ndani ya siku 14, chukua iliyo karibu zaidi na uhifadhi uthibitisho wa kuiomba.

Sasa jambo dogo linaloharibu mengi: sanduku la barua. Ujerumani nyumba nyingi za kupanga hazitambuliwi kwa namba ya chumba. Tarishi anasoma majina kwenye masanduku. Jina lako lisipokuwepo, barua inarudi ilikotoka. Namba ya mlipakodi, kadi ya benki, namba ya siri ya kadi ambayo huja siku nyingine katika bahasha tofauti, kadi ya bima na wito wa ofisi ya wageni, vyote huja kwa posta. Siku unayopokea ufunguo, andika jina la ukoo kama lilivyo kwenye pasipoti kwenye kipande cha karatasi, ukibandike kwenye sanduku na kwenye kengele ya mlango kwa gundi ya uwazi, ndipo ufungue begi. Kama unakaa chumba cha mtu mwingine, barua zako zote ziandikwe "c/o" na jina lake.

Bima ya afya ni sharti la kusajiliwa chuoni. Aliye chini ya miaka 30 anaingia kwenye bima ya umma kwa bei ya mwanafunzi, takriban euro 140 hadi 150 kwa mwezi, na kampuni ya bima ndiyo inayotuma kwenye mfumo wa chuo taarifa kwamba umekatiwa bima. Utashawishiwa na bima binafsi za euro 30 au 40. Fikiri sana. Ukishajitoa kwenye bima ya umma mwanzoni mwa masomo, uamuzi huo haubatilishwi mpaka masomo yaishe, na ofisi ya wageni inaweza kuikataa bima hiyo ya bei nafuu kwa sababu ni ya wasafiri. Aliyetimiza miaka 30 hapati tena bei ya mwanafunzi, naye apate ushauri wa chuo kabla ya kusaini chochote.

Baada ya Anmeldung, akaunti ya benki na kujisajili chuoni, omba kibali cha ukaazi ofisi ya wageni. Tazama tarehe kwenye viza yako: nyingi ni za miezi mitatu hadi sita tu. Ombi likifika kabla viza haijaisha, ukaaji wako unaendelea kuwa halali mpaka uamuzi utoke, na unaweza kudai karatasi ya kuthibitisha hivyo, Fiktionsbescheinigung. Likifika siku moja baadaye, kinga hiyo haipo. Ada ni hadi euro 100.

Kila nyumba hulipa mchango wa redio na televisheni wa euro 18.36 kwa mwezi, hata pasipo na runinga. Mkiishi wanne unagawanywa. Dukani, chupa ya plastiki ya kutumika mara moja ina amana ya senti 25; irudishe kwenye mashine. Jumapili maduka hufungwa. Dharura ya kutishia uhai ni 112. Daktari wa zamu usiku au Jumapili kwa jambo lisilo la kutishia uhai ni 116117.

Majira ya baridi fungua madirisha wazi kabisa dakika tano hadi kumi, mara mbili au tatu kwa siku, kisha uyafunge. Mvuke wa kupika wali na wa nguo zilizoanikwa chumbani hutua kwenye ukuta baridi, na baada ya wiki chache kona ya nyuma ya kabati inaota ukungu mweusi. Dhamana yako inaweza kuishia hapo.

Kazi na masomo

Kibali cha mwanafunzi kinaruhusu kazi siku nzima 140 au nusu siku 280 kwa mwaka, tangu Machi 2024. Kazi ya msaidizi chuoni haihesabiwi humo. Kima cha chini cha mshahara kuanzia Januari 2026 ni euro 13.90 kwa saa. Kinachokatazwa bila ruhusa ya ofisi ni kujiajiri, na baadhi ya kazi za kusambaza vifurushi au chakula zimeandikwa kama kujiajiri. Soma mkataba kabla ya kupanda baiskeli.

Mwanafunzi anayefanya kazi usiku nne kwa wiki muhula wa kwanza hulipa kwa mitihani, na mitihani ya Ujerumani haisamehi. Kwanza, kuhudhuria darasa hakukusajilii mtihani. Unajisajili mwenyewe kwenye mfumo wa chuo, mara nyingi wiki kadhaa kabla, na dirisha likifungwa umekosa. Pili, mtihani wa somo la lazima kwa kawaida unarudiwa mara mbili tu. Ukishindwa mara ya tatu unaondolewa kwenye programu, na unazuiwa kusoma fani hiyohiyo katika vyuo vingine nchini humo. Kibali chako kimeandikiwa masomo hayo, kwa hiyo nacho kinatikisika. Kanuni za mitihani za programu yako, Prüfungsordnung, zisome wiki ya pili, na uandike kwenye kalenda tarehe tatu: kufungwa kwa usajili wa mitihani, mwisho wa kujiondoa bila adhabu, na mwisho wa kulipa mchango wa muhula ujao. Hiyo ya tatu kwa muhula wa kiangazi huangukia Januari au Februari, katikati ya maandalizi ya mitihani, na chuo hakikupigii simu. Asiyelipa hata baada ya barua ya ukumbusho hufutwa kwenye orodha ya wanafunzi, kwa deni la euro 300.